Maoni ya Upanga wa Tatu

Mimi si mtu wa kushuku watu ovyo. Dada yangu akisikia nimesema hivyo atacheka mpaka ashike mbavu, lakini dada yangu ni mtu wa kucheka hata misibani. Ninachosema ni kwamba mimi ni fundi saa, na fundi saa hafanyi kazi kwa maneno ya mteja. Mteja anakuja anasema saa imeanguka kidogo tu kutoka kitandani, kumbe imelala usiku kucha kwenye ndoo ya maji. Anaapa haijawahi kufunguliwa, nami naona mikwaruzo ya kisu cha jikoni kwenye mfuniko. Kwa hiyo nina utaratibu mmoja tangu nianze kazi hii: nafungua kwanza, nauliza baadaye.

Utaratibu huo ndio ulioniachia nyumba yenye watu wawili. Mke wangu alikuwa mshonaji wa magauni ya harusi, akishonea sebuleni, na wateja wakiingia na kutoka. Mimi nilitaka kujua nani ameingia, ametoka saa ngapi, na kwa nini bwana harusi mmoja alihitaji kupimwa koti mara tatu. Siku moja mke wangu akiwa anaoga, niliichukua simu yake nikasoma jumbe zote, za mwanzo mpaka za mwisho. Sikukuta kitu. Nilikuta vipimo vya viuno, rangi za utepe, na mama mmoja aliyelalamika kwamba shela ni fupi. Mke wangu akanikuta nayo mkononi. Badala ya kuomba radhi nikamwambia kwamba kama humo hamna kitu, basi anakasirikia nini.

Alifunga cherehani yake kwenye blanketi akaondoka saa nne na dakika ishirini asubuhi. Dakika nazikumbuka kwa sababu nilikuwa nimeshika saa ya mteja. Akaenda kukaa kwa kaka yake, mji mwingine. Alikuja kubisha hodi mara mbili, sikufungua. Alituma barua, nikazirudisha. Na kwa hasira zile zile nikamwambia binti yetu, aliyekuwa na miaka kumi na minne, kwamba aliyeondoka ameondoka, na asije akathubutu kumpigia simu. Binti yangu ni mtiifu. Hakumpigia, na imepita miaka miwili.

Mimi nami nikaweka kiapo changu, kimya kimya. Niliapa kwamba sitaigusa tena simu ya mtu wa nyumbani kwangu hata ikilia mfululizo. Nilikuwa nimebaki na mtoto mmoja, na huyo sikuwa tayari kumpoteza kwa kosa lile lile.

Kilichonishtua kilianza na kicheko. Tulikuwa mezani, binti yangu anakula kwa mkono mmoja na simu iko kwenye mkono wa pili, mara akacheka peke yake. Nikamuuliza kulikoni. Akasema Mvua ya Jumanne ameandika jambo la kuchekesha. Nikauliza huyo ni nani.

"Mtu tu, baba. Kuna kundi tunatoa maoni kuhusu katuni za Kijapani, zipi zinafaa kutazamwa na zipi ni kupoteza muda."

Mtu tu. Katika maisha yangu sijawahi kusikia mtu akiitwa "mtu tu" halafu ikawa kweli ni mtu tu.

Tangu siku hiyo hakukuwa na mlo bila Mvua ya Jumanne. Mvua ya Jumanne kasema ile tamthilia ya vijana wa mapanga isitazamwe zaidi ya kipindi cha tano. Mvua ya Jumanne kasema filamu nzuri utaijua kwa jinsi inavyomchora mtu akiwa kazini. Mvua ya Jumanne kasema kama una Jumamosi moja tu maishani, itumie kwa ile ya mama wa miavuli. Mtoto ambaye hakubali ushauri wangu kuhusu kuvaa sweta alikuwa anakubali kupangiwa Jumamosi nzima na mtu asiyemwona. Kisha nikamkuta anashona pindo la sketi yake ya shule, kwa ule ushonaji ambao nyuzi hazionekani kwa nje. Nikamuuliza kafundishwa na nani. Akasema amejifunza mtandaoni. Nililigeuza lile pindo, nikaliangalia kwa lenzi yangu ya kazini. Ilikuwa kazi safi sana, na usafi wake haukunipendeza.

Simu yake sikuigusa. Lakini kundi lenyewe lilikuwa wazi kwa kila mtu, nami nina simu yangu. Kiapo sikukivunja, nilipita pembeni yake.

Nilijiandikisha kwa jina la Upanga wa Tatu, kijana wa miaka kumi na tisa, na nikaweka picha ya kijana wa katuni ambaye nywele zimemfunika jicho moja. Umri wangu ni hamsini na moja na nywele zangu hazifuniki chochote. Ujumbe wangu wa kwanza niliuandika kwa uangalifu: "Habari za wakati huu, ndugu wanakundi. Mimi ni kijana mwenzenu. Naomba kukaribishwa ili tubadilishane mawazo." Mtu mmoja akauliza kama nimetoka idara ya maji. Lakini Kijiko akanikaribisha vizuri, akaniwekea na ua. Kijiko ni binti yangu. Tulimwita hivyo utotoni kwa sababu alikuwa halali bila kushika kijiko mkononi, na aliyeanza kumwita ni mama yake.

Sasa ikabidi nizitazame hizo katuni, maana huwezi kumnasa mtu kwenye mazungumzo usiyoyajua. Nilizitazamia kazini, simu nimeiegemeza kwenye saa ya ukutani iliyokuwa inangoja springi, lenzi iko juu ya paji la uso. Wateja wakiingia nazima. Nilianza na vijana wa mapanga. Maoni yangu ya haki ni haya: Mvua ya Jumanne alikuwa sahihi, na hilo liliniudhi. Kila mpiganaji akipigwa pigo moja anaanza kukumbuka utoto wake, na utoto wenyewe unachukua vipindi viwili, na wakati wote huo aliyempiga amesimama na upanga juu akimngoja amalize. Nilivumilia vipindi tisa. Mtu wa kwanza kufa alikufa kwenye cha nane, na nilimshukuru.

Kisha nikaitazama ile ya mama wa miavuli. Kuna mji ambao haujanyeshewa miaka saba. Mwanamke mmoja anatengeneza miavuli, na kila asubuhi anafungua duka lake, anafuta meza, anakaza vijiti, anashona viraka. Watu wanamwona kachanganyikiwa. Mume wake alichukua mwavuli mmoja akaenda kuitafuta mvua, na hakurudi. Filamu nzima ni huyo mwanamke na kazi yake. Mwishoni kengele ya mlangoni inalia, mlango unaanza kufunguka, na filamu inakatika hapo hapo. Hatuoneshwi nani anaingia. Nilikaa pale kazini nimekunja mikono, na mteja aliyekuja kubadilisha mkanda alinisemesha mara mbili kabla sijamsikia.

Nikaandika maoni yangu: "Filamu ni nzuri na inastahili kutazamwa. Ila kuna kosa. Saa ya ukutani dukani ina pendula yenye urefu wa mkono mzima, na waliochora wameiyumbisha mara tatu kwa sekunde. Haiwezekani. Pendula ndefu huenda polepole. Kwa mwendo ule, saa ile ingemaliza siku nzima kabla ya chakula cha mchana."

Watu walifurahi. Watu arobaini na kitu waliweka alama ya kupenda, na Kijiko akaweka moyo. Nilijisikia kijana kweli kweli. Baadaye Mvua ya Jumanne akajibu chini yangu.

"Upanga wa Tatu, wewe umeangalia saa. Je, umeona huyo mama alivyokuwa anaangalia mlango?"

Nilikasirika. Nikairudia filamu yote ili nimwoneshe kwamba amekosea. Kila baada ya mshono, kabla ya kukata uzi, yule mama anainua macho mara moja kuelekea mlangoni, kisha anakata. Nilihesabu mara thelathini na moja. Mara ya kwanza sikuiona hata moja. Nikaandika kwamba ni kweli, na nikaongeza kwamba hata hivyo pendula ni kosa.

Huyu mtu alikuwa mjanja, hilo lilikuwa wazi. Nikafungua ukurasa wa nyuma wa daftari langu la kazi, nikaanza kurekodi. Anaandika kabla ya saa mbili asubuhi, halafu saa saba mchana, halafu baada ya saa kumi na moja jioni. Kati ya hapo kimya. Mtoto wa shule hana ratiba hiyo, hiyo ni ya mtu mzima mwenye kazi. Nikapigia mstari: mtu mzima anatafuta nini kwenye kundi la katuni? Nilimpelekea dada yangu daftari hilo zahanati anakofanya kazi ya uuguzi. Alilisoma amesimama, dawa mkononi.

"Kaka, mtu mzima ninayemjua mimi anayejifanya kijana kwenye hilo kundi ni mmoja tu," alisema, akanirudishia.

Nikamwambia suala ni zito, mtoto ni mmoja. Akaniuliza kwa nini simuulizi mtoto mwenyewe. Nilimjibu kwamba ukimuuliza mtu kabla hujajua, unampa nafasi ya kupanga uongo. Dada yangu akasema kwamba maneno hayo alishawahi kuyasikia, na alikuwa jikoni kwangu alipoyasikia. Nikaondoka.

Filamu iliyofuata ilikuwa ya roboti. Roboti ameachwa kwenye shule iliyofungwa, hana habari kwamba imefungwa, na kila siku anapiga kengele kwa saa zake: kuingia, mapumziko, kutoka. Mimi niliipenda kuliko zote, na niliandika hivyo bila aibu, kwamba hapa angalau kuna mtu anayejali muda. Mvua ya Jumanne hakuandika chochote kuhusu kengele. Aliandika kuhusu koti la mwalimu lililoachwa mgongoni mwa kiti. Alisema aliyelichora anajua nguo, kwa sababu kwenye viwiko kuna mikunjo ya mtu aliyekaa sana akisahihisha madaftari, na bega la kulia limeshuka kwa sababu ya kubeba mkoba. Alisema koti lile lilimliza, maana mwenye koti hayupo na umbo lake lipo.

Nikaandika kwenye daftari: anaongea sana kuhusu nguo. Nikarudi kwenye maoni yake ya nyuma. Kumbe ilikuwa hivyo hivyo kote. Mahali fulani kasifu jinsi kitambaa kizito kinavyoanguka tofauti na chepesi, pengine kasema gauni fulani lisingekaa vile bila bitana. Nikaamua huyu ni mwanamume anayejifanya mwanamke ili wasichana wamwamini. Nilipigia mstari mara mbili.

Nikaanza kumtafuta mjini. Mwalimu wa kuchora wa shuleni kwa binti yangu alileta saa yake siku hiyo hiyo, na nilipoifungua haikuwa na tatizo lolote. Mtu analeta saa isiyo mbovu kwa fundi kwa nini? Nikamuuliza, kama mzaha, anazionaje katuni za Kijapani. Akasema hazipendi, macho ya watu ni makubwa mno. Alijibu haraka sana. Nilimshikilia pale dukani karibu nusu saa nikimuuliza kuhusu koti na vitambaa, mpaka akaomba saa yake akaondoka akiangalia nyuma. Baadaye nilipotulia nikakumbuka kwamba saa nane mchana ndio wakati aliokaa kwangu, na Mvua ya Jumanne siku hiyo alichelewa kuandika, akaandika saa nane na dakika kumi. Nikamfuta kwenye orodha kwa shingo upande.

Nitasema na jambo lingine, ingawa halinipendezi. Nilianza kungojea majibu yake. Ikifika saa saba naweka kibano chini, nafungua simu. Tulibishana kama filamu ya watoto inaruhusiwa kuwa na huzuni, tukabishana kama mchoro mzuri unaweza kuiokoa hadithi mbovu. Alikuwa anajibu kwa upole na kwa makini, na hakuna mtu aliyekuwa amenijibu namna hiyo kwa muda mrefu. Nilimchukia zaidi kwa sababu hiyo. Kama mimi mwenye akili zangu na daftari langu nanaswa, mtoto wa miaka kumi na sita atapona wapi?

Kijiko naye alikuwa akiongea na Upanga wa Tatu. Mara moja, chini ya maoni ya roboti, aliniuliza kama nyumbani kwetu kuna anayetazama pamoja nami. Nikamwandikia kwamba baba yangu ni mtu wa kazi nyingi. Akajibu: "Wangu pia. Nikirudi ananiuliza nimefika saa ngapi. Hajawahi kuniuliza huko nilikotoka kulikuwaje." Niliisoma nikiwa dukani, na bisibisi ikanitoka mkononi. Jioni binti yangu aliporudi nilifungua kinywa nimuulize huko alikotoka kulikuwaje. Nikauliza mbona amechelewa dakika kumi na tano.

Mwishoni mwa wiki ya sita ukaja ule ujumbe niliokuwa naungojea na kuuogopa. Mvua ya Jumanne aliandika kundini, mbele ya watu wote, kwamba ukumbi wa maktaba utaonesha filamu ya mama wa miavuli Jumamosi saa nane mchana, kwa yeyote anayetaka. "Mimi nitakuwepo. Kijiko, njoo. Na wewe Upanga wa Tatu, njoo tukaiangalie saa yako."

Basi, nilijua. Watu wa namna hiyo kwanza wanamzoesha mtoto jina, kisha wanamwita mahali. Nikajibu kwamba nitakuja.

Siku ya Alhamisi binti yangu aliniomba ruhusa ya kwenda maktaba Jumamosi. Nikamwambia sawa. Akaniangalia kidogo, akauliza kama sitaki kujua anakwenda kufanya nini. Nikasema namwamini. Huo ulikuwa uongo wa waziwazi, na alipokwenda chumbani kwake nilibaki mezani nikiona aibu.

Jumamosi nilifika saa saba na nusu. Nilikaa kiti cha mwisho nyuma, karibu na mlango, nimevaa kofia. Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki na pazia jeusi dirishani. Watu wakaingia mmoja mmoja, nami nikampima kila mwanamume anayeingia: yule mwenye miwani, yule aliyekuja peke yake, yule mzee mwenye fimbo ambaye kwa kweli alikuwa amekosea chumba. Binti yangu akaingia, akakaa safu ya tatu. Kiti cha kushoto kwake akaweka mkoba, cha kulia akakiacha wazi. Taa zikazimwa. Filamu ikaanza, mama wa watu akafungua duka lake, na hapo mlango wa pembeni ukafunguka. Mtu aliyevaa koti refu akaingia ameinama, akapita moja kwa moja mpaka safu ya tatu, akakaa kiti cha kulia. Binti yangu akamwegemea begani.

Sikumbuki kutembea. Nakumbuka nilikuwa nimesimama nyuma yao na mkono wangu uko kwenye bega la lile koti, nimelishika kwa nguvu.

"Ndugu, inuka tutoke nje," nikasema.

Mtu huyo akageuka. Mwanga wa filamu ulikuwa unampiga usoni. Alikuwa mke wangu.

"Keti, Baba Kijiko," alisema kwa sauti ya chini. "Unawazibia watu wa nyuma."

Binti yangu akauinua mkoba kutoka kiti cha kushoto. Kilikuwa kimewekwa kwa ajili yangu. Nikaketi, kwa sababu watu wa nyuma kweli walikuwa wananung'unika.

Nilikaa muda wote wa filamu nikiwa na watu wangu wawili upande wangu wa kulia, na sikuthubutu kugeuza shingo. Nilitazama mbele. Mara thelathini na moja mama wa miavuli aliinua macho kuelekea mlangoni, na kila mara nilikumbuka hodi mbili ambazo sikuziitikia.

Baadaye tulisimama kwenye ngazi za maktaba. Nilianza na hasira kwa sababu ndiyo niliyoizoea. Nikamwambia binti yangu kwamba nilimkataza. Hakuinua sauti.

"Ulinikataza kumpigia simu, baba. Sijampigia hata mara moja."

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeingia kundini kwa mlango huo huo. Mama yake akaeleza, kwa utaratibu, bila kunilaumu. Alijua mtoto anapenda katuni hizo tangu ana miaka sita. Barua ziliporudi, alianza kuzitazama na kupita kwenye makundi ya watu wanaozijadili, moja baada ya jingine, akisoma maoni ya watoto wa watu, mpaka akakuta mtu anaitwa Kijiko. Alikuwa ametazama filamu na tamthilia mia moja na kitu kabla ya kumpata. Mwezi uliopita amepata chumba cha kushonea hapa mjini, na alitaka niambiwe uso kwa uso, si kwa siri. Ndiyo maana aliniita.

"Uliniita? Ulijua ni mimi?"

Wakaangaliana. Binti yangu alijitahidi asicheke, akashindwa.

"Baba, kijana wa miaka kumi na tisa gani anaandika 'habari za wakati huu'?"

"Mimi nilingoja mpaka pendula," alisema mama yake. "Nilipoisoma ile ya pendula nikajua kabisa. Nikamuuliza Kijiko, akaniambia amejua tangu siku ya kwanza. Tukakubaliana tukuache. Alisema ni mara ya kwanza unamwambia kitu ambacho si saa ngapi." Akanigeukia. "Na wewe? Mimi ulinijua lini?"

Ningeweza kusema nilijua kwenye koti la mwalimu. Ningeweza kusema nilijua kwenye pindo la sketi. Mwanamke huyu alishona sebuleni kwangu miaka kumi na saba, na kwa wiki sita alikuwa ananiandikia kuhusu bitana, mikunjo na uzito wa vitambaa, nami nikayaandika yote hayo kwenye daftari na kupigia mstari mara mbili.

"Sikukujua," nikasema.

"Na jina langu la kundini? Hilo nalo halikukuambia kitu?"

Nikatikisa kichwa.

"Niliondoka siku gani, Baba Kijiko?"

"Saa nne na dakika ishirini," nikasema, na nikasikia nilichosema.

"Ilikuwa Jumanne. Mvua ilikuwa inanyesha, nikaibeba cherehani mpaka stendi, blanketi likalowa. Ulikuwa dirishani." Hakuwa na hasira hata kidogo, na ningependa angekuwa nayo. "Miaka yote ile ulikuwa unanichunguza. Nilidhani angalau utakuwa unanijua."

Nilimwomba radhi. Nilisema neno lenyewe, nikasema na kwa ajili ya nini: kwa simu, kwa hodi, kwa barua. Nililisema vibaya, kwa kukwama, na binti yangu akawa anaangalia viatu vyake. Mama yake alisikiliza mpaka mwisho. Akasema amesikia. Hakusema zaidi ya hapo, na sikuwa na haki ya kudai zaidi.

Kisha binti yangu akaniomba aende akalale kwa mama yake mpaka kesho jioni. Maswali yalinijaa kinywani: mtaa gani, nyumba ya nani, mwenye nyumba anafanya kazi gani, mlango una kufuli la namna gani, kesho jioni saa ngapi.

"Nenda," nikasema. "Ukirudi uniambie kulikuwaje."

Waliondoka kwa miguu wakiwa wameshikana mikono, wakibishana kuhusu kitu fulani cha kwenye filamu. Nilirudi dukani kwangu jua likiwa bado juu. Nilifungua kundi nikabadilisha picha na jina, nikaandika Fundi Saa, miaka hamsini na moja. Chini ya filamu ya miavuli nikaongeza maoni: "Nimeitazama mara ya tatu. Pendula ni kosa lile lile. Lakini itazameni kwa ajili ya yule mama, na mkimaliza, anayebisha mlangoni kwenu mfungulieni."

Kijiko aliweka moyo. Mvua ya Jumanne hakuandika kitu. Alama ya kijani ilionesha kwamba wote wawili walikuwa kwenye simu zao muda ule ule, na mimi nilikuwa natamani kujua wako wapi sasa hivi, wanaongea nini, na kama wananitaja. Nilitamani sana. Niliizima simu, nikaiweka kwenye droo ya saa mbovu, na nikaivuta karibu ile saa ya ukutani iliyokuwa inangoja springi.